Injini Imezimia Njiani: Kumbukumbu za Safari Iliyoishia Gereji

Alhamisi

Saa saba mchana injini imezima. Haikukohoa wala kupoteza nguvu kidogo kidogo, jinsi linavyofanya gari linaloishiwa mafuta. Tulikuwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, tunakata mwinuko mdogo, shangazi anasinzia kiti cha mbele, ukasikika mlio mmoja mkavu mbele ya miguu yangu, "tak", halafu upepo tu. Mshale wa mizunguko ukashuka hadi sifuri. Taa ya betri na taa ya oili zikawaka nyekundu kwa pamoja.

Usukani ukawa mzito papo hapo, kwa sababu pampu inayousaidia huzungushwa na injini. Breki hazikufa. Servo yake, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hubaki na akiba inayotosha kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu na unahitaji nguvu za mguu mzima. Kwa hiyo sikukanyaga na kuachia. Niliacha gari litumie mwendo wake uliobaki kufika pembeni, nikakanyaga mara moja na kushikilia. Ufunguo sikuurudisha nyuma hata kidogo hadi magurudumu yaliposimama, maana ukiurudisha mpaka mwisho usukani unajifunga na gari bado linatembea.

"Kuna nini, baba?" shangazi akaamka.

"Injini imezima. Shuka upande wako, shangazi, upande wa majani. Panda pale juu ya kingo."

"Kwenye jua lote hili?"

"Jua haliendeshi lori."

Akashuka akinung'unika. Mimi nikawasha taa za hazadi, nikazima redio na feni ili betri isiliwe bure, nikachukua pembetatu ya tahadhari. Hapa watu wengi huhesabu hatua chache nyuma ya gari, wakaridhika. Sisi tulikuwa tumesimama tukiwa tumeshavuka kilele cha mwinuko, na dereva anayetoka nyuma asingeiona pembetatu mpaka awe ameshaikanyaga. Nikarudi kwa miguu hadi upande wa pili wa kilele, mahali ambapo mtu anaiona kabla hajaanza kupanda.

Kisha boneti. Hakuna mvuke, hakuna harufu ya kuungua, mshale wa joto ulikuwa katikati kabla ya kuzima, kijiti cha oili kinaonyesha oili ipo na rangi yake ni nzuri. Mkanda wa nje unaozungusha alteneta uko mahali pake. Nikarudi kwenye kiti, nikapiga stata mara moja, sekunde mbili hivi.

Ule mlio ndio ulionipa jibu, au nusu yake. Injini isiyo na hitilafu ikipigwa stata huwa na mdundo: kila pistoni inapobana hewa, stata inaelemewa kidogo, inaachiwa, inaelemewa tena. Pampu ya mafuta ikifa, au plagi zikikosa moto, mdundo huo hubaki vilevile, ila injini haishiki. Injini iliyojifunga nayo hugonga mara moja, stata ikakwama. Hii yangu ilizunguka upesi na kwa wepesi, mlio mmoja ulionyooka kama wa feni. Hakukuwa na kubana popote. Silinda hazishiki hewa.

Nikatoa ufunguo nikautia mfukoni. Kama mkanda wa taimingi, ule wa meno unaozipangia valvu wakati wa kufunguka na kufunga, umekwenda, kila stata ya ziada ni pistoni inapewa nafasi nyingine ya kugonga valvu zilizobaki nzima.

Dereva wa lori akasimama, akashuka, akatazama chini ya boneti kwa heshima ya mtu aliyewahi kulala barabarani. "Kaka, nikufunge kamba? Mji hauko mbali."

"Ni otomatiki hili."

"Aah. Basi acha."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Gia boksi ya otomatiki hulainishwa na pampu yake yenyewe, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala huku magurudumu yanayoendesha gari yanazunguka chini, gia zinasagana zikiwa kavu. Vitabu vya baadhi ya magari huruhusu umbali mfupi kwa mwendo mdogo, vingine havitaki kabisa. Mtu anaweza kuanza safari ya kamba akiwa na injini mbovu, akaimaliza akiwa na injini mbovu na gia boksi mbovu.

Alichonipa yule dereva kilikuwa na thamani kuliko kamba. "Ukifika mjini, usishushwe gereji ya kwanza barabarani. Nenda nyuma ya maegesho ya malori, kuna mzee. Vijana wake wana haraka, lakini mzee mwenyewe ana masikio."

Bima yangu ina huduma ya kubebwa, ila mpaka gereji iliyo karibu, si mpaka nyumbani. Nimefurahi kwamba niliisoma kabla ya safari na si nikiwa nimesimama kwenye changarawe. Niliwatajia namba ya nguzo ya kilomita, upande wa barabara tunaoelekea, na neno moja nililolisisitiza: gari la kubeba, lenye kitanda, si la kuvuta. Wamekuja jua likizama. Kabla halijapandishwa nikapiga picha gari kila upande, na dashibodi ikionyesha kilomita.

Shangazi ameingia nyumba ya wageni akasema hajawahi kukaa juu ya kingo muda wote huo tangu alipokuwa anachunga mbuzi.

Ijumaa

Siku ndefu. Naandika yote kwa sababu leo ndiyo siku ambayo ningeweza kununua kitu nisichokihitaji.

Mzee hakuwepo asubuhi. Kijana mmoja, mchangamfu, akachomeka mashine ya kupimia chini ya dashibodi, akasubiri, akageuza kioo nione: P0340. "Sensa ya kamshafti, bosi. Imekufa. Tunabadilisha, unaendelea na safari leo leo."

Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini msimbo ule hausemi sensa imekufa. Unasema kompyuta haipati ishara sahihi kutoka kwenye kamshafti, ile shafti inayozungushwa na mkanda wa taimingi ili kufungua valvu. Sensa ikifa, ishara inakosekana. Waya ukikatika, inakosekana. Na kamshafti yenyewe ikiwa haizunguki, pia inakosekana, huku sensa ikiwa nzima kabisa na ikisema ukweli mtupu. Mashine inaripoti inachokiona, sababu inabaki kazi ya mtu.

"Sawa fundi," nikamwambia, "lakini kabla hatujanunua, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, bosi? Si imeandika?"

Mzee akaingia wakati huo. Akasalimia, akauliza limezimaje. Nikamweleza: ghafla, mlio mmoja, stata nyepesi. Hakutazama mashine. Akafungua kifuniko cha kujazia oili juu ya injini, akawasha tochi, akanivuta bega. "Tazama humu ndani. Unaona kile chuma kinachong'aa chenye mgongo? Hiyo ni kamshafti. Usiondoe macho." Kisha kwa kijana: "Gusa stata, kidogo tu."

Stata ikalia. Kile chuma hakikusogea hata unywele.

Pale ndipo habari ya sensa ilipoishia. Kijana mwenyewe alikuja kuchungulia, akasema "duh," akaenda kuleta spana za kufungulia kifuniko cha plastiki cha mbele.

Mkanda haukuwa umekatika. Hili lilinishangaza. Ulikuwa umezunguka puli zote mahali pake, na ukiutazama kwa juu ungeapa ni mzima: mpira mweusi, haujapasuka, maandishi ya kiwandani mgongoni bado yanasomeka. Mzee akashusha tochi hadi chini, kwenye puli ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Pale, kwa urefu wa kiganja hivi, meno yote yamenyolewa, yamebaki makombo ya mpira sakafuni mwa kifuniko. Krenki ilikuwa inazunguka chini ya mkanda laini usio na cha kushika.

Mkanda mpya hauli meno yake bila sababu. Mzee akaulegeza, akautoa, akaanza kuzungusha puli moja moja kwa kidole. Tenshena, puli inayokaza mkanda, ikazunguka kimya. Puli ya kuongoza, kimya. Alipofika kwenye pampu ya maji, haikuzunguka. Akaishika kwa mkono wote, ikasogea kidogo kwa mkwaruzo niliousikia kwenye meno yangu mwenyewe, ikakwama tena. Chini yake, kwenye kile kitundu kidogo ambacho kiwanda hukiacha makusudi ili maji yavujie nje sili inapochoka, kulikuwa na ukoko mkavu wa maji ya rejeta, wa rangi ya waridi.

Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi. Sili ya pampu ilichoka, maji yakaanza kupenya kwenye beringi, beringi ikaliwa taratibu nyuma ya kifuniko mahali ambapo hakuna anayetazama. Leo, au tuseme jana saa saba, ikajifunga. Mkanda ukawa umeshikwa upande mmoja na pampu iliyokwama, upande mwingine krenki inavuta na nguvu zote za injini. Kilicho dhaifu kikaachia, na kilicho dhaifu ni meno ya mpira.

Mkanda ule ulibadilishwa si zamani, gereji fulani huko nyumbani, na risiti ninayo kwenye simu. Inasema mkanda, inasema ufundi. Pampu haitajwi. Kwenye injini ambazo mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu ya maji, kazi ya kuifikia pampu ni ileile ya kuufikia mkanda. Ukishafungua huko, pampu iko mkononi. Kuiacha ya zamani ni kufunga mkanda wa kilomita 100,000 juu ya beringi ambayo hakuna ajuaye imebakiza ngapi. Nilikasirika, nikaenda kutembea kidogo nje.

Niliporudi mzee alikuwa anajibu swali la pili, ambalo ndilo kubwa: je, valvu zimegonga? Zipo injini ambazo pistoni ikifika juu kabisa bado inaacha nafasi hata valvu ikiwa wazi. Mkanda ukikatika unafunga mwingine, unaondoka. Nyingine, na hizi ndizo nyingi siku hizi, pistoni na valvu hupokezana nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndiye mgawa zamu. Dizeli karibu zote ni za aina hiyo. Yangu ni petroli, silinda 4, valvu 16, na mzee alisema kwa sauti ya chini kwamba hii ni ya kugonga.

Lakini hakusema "basi tufungue." Alipima. Akazungusha krenki kwa spana ndefu mpaka pistoni zote nne zikakaa katikati ya silinda, ambapo hakuna valvu inayoweza kuzifikia, ndipo akaweza kuzungusha kamshafti kwa mkono bila kuharibu zaidi. Akatoa plagi. Kwa kila silinda aliweka kamshafti mahali ambapo valvu zote za silinda ile zinapaswa kuwa zimefunga, akapachika mpira wa kompresa kwenye tundu la plagi, kijana akakaza krenki isigeuke, akafungulia hewa.

"Nenda nyuma, weka kiganja kwenye ekzosi."

Silinda ya kwanza: upepo ukanipiga kiganjani, baridi, wenye harufu ya moshi. Valvu za kutolea moshi hazifungi. Ya pili, ekzosi kimya, lakini kukawa na mluzi kwenye njia ya kuingizia hewa. Ya tatu ikashika, ukiacha upepo mdogo kwenye tundu la oili, unaopenya kwenye ringi za pistoni na ni wa kawaida. Ya nne, ekzosi tena.

"Sasa," mzee akasema, akifuta mikono, "nikikwambia nifungue hedi, unajua kwa nini."

Jumamosi

Asubuhi tulikaa kwenye benchi tukazungumza kuhusu njia zilizopo. Kulirudisha gari nyumbani juu ya kitanda: umbali ni mrefu, na gharama ya kubeba peke yake ingekula sehemu kubwa ya matengenezo. Kufunga injini ya mtumba: haraka, lakini hujui ilitolewa kwenye gari gani wala kwa nini, na nchi nyingi namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo unarudi na kazi ya ofisini. Kutengeneza hii hii: inawezekana endapo pistoni ni nzima. Tukakubaliana hedi, kichwa cha injini chenye valvu, itoke, tuone, ndipo niamue. Nikamwomba asitupe kitu chochote kinachotolewa, hata gasketi kuukuu. Akacheka, akasema wateja wa mbali wote huomba hivyo na wana haki.

Hedi ilitoka mchana. Juu ya pistoni kulikuwa na alama ndogo za kugongwa, nyembamba, zimepinda kufuata ukingo wa valvu. Mzee alipitisha ukucha juu ya kila moja, akafuta masizi kwa kitambaa chenye petroli, akatafuta ufa kwa tochi iliyolazwa karibu sawa na chuma ili kivuli kionekane. Hakuna. Kuta za silinda bado zina ile mikwaruzo ya msalaba ya kiwandani. Injini ya chini imepona.

Valvu sasa. Kwa macho zote zilionekana zimenyooka. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza mezani, akaviringisha shina la kila valvu juu yake huku kichwa kikining'inia nje ya ukingo. Nzima inaviringika na kichwa chake kinakaa palepale. Iliyopinda, kichwa kinapanda na kushuka. Zilipinda sita: nne za ekzosi kwenye silinda ya kwanza na ya nne, mbili za kuingizia kwenye ya pili. Ningeweza kutazama kile kioo siku nzima. Vifaa vya maelfu haviwezi kusema jambo hilo waziwazi zaidi.

Gaidi za valvu, yaani matundu yanayoongoza mashina yake, alizipima kwa kuingiza valvu mpya kutoka kwenye kabati lake na kuitikisa pembeni, kisha akalaza rula ya chuma kwenye uso wa hedi na kujaribu kupenyeza geji ya milimita 0.05 chini yake, kwa urefu, kwa upana, kwa pembe zote mbili. Haikupenya. Haihitaji kuskimu, yaani kusawazishwa kwa mashine.

Orodha ya spea tuliiandika pamoja. Valvu sita, sili zote za valvu, gasketi ya hedi, boliti mpya za hedi, mkanda, tenshena, puli ya kuongoza, pampu ya maji, sili za kamshafti, maji ya rejeta, oili na filta. Kijana akauliza kwa nini boliti mpya, zile za zamani si zipo? Mzee akamjibu kwamba boliti za injini hii hukazwa mpaka zivutike kidogo, hivyo ndivyo zinavyoshika, na chuma kilichokwisha kuvutika hakivutiki tena vilevile.

Jumapili

Gereji imefungwa. Shangazi amepanda basi kuendelea na safari yake, baada ya mabishano. Alitaka kubaki "nisikuache peke yako na mafundi." Nikamwambia anasubiriwa, na gari lililokufa halihitaji abiria.

Nimeshinda nasoma. Gari la kwanza kuuzwa kwa umma kwa wingi likiwa na mkanda wa taimingi lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo ilikuwa cheni au gia. Mkanda ni mwepesi, kimya, hauhitaji oili. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, krenki inageuka mara 50 kila sekunde na kamshafti nusu yake, na kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 ndani ya sekunde hiyo. Mpira wenye nyuzi ndani yake unashikilia hayo yote kwa miaka. Hasira yangu na mkanda imeisha. Na ile risiti bado.

Jumatatu

Spea zimefika kwa basi saa tano. Saa tano na robo tukajua gasketi si yenyewe.

Umbo la nje lilifanana, matundu ya boliti yalikaa, lakini mzee aliilaza juu ya bloki na kuonyesha kwa bisibisi: tundu mbili za maji zimefunikwa. Ingefungwa, injini ingewaka vizuri tu, halafu ingechemka mlimani mahali fulani. Muuzaji alikuwa ametafuta kwa jina la gari na mwaka. Jina moja la gari linaweza kubeba injini tatu tofauti katika mwaka huohuo. Safari hii tulimtumia namba ya chesisi yote, tarakimu na herufi 17, pamoja na picha ya msimbo wa injini uliogongwa kwenye bloki, na picha ya gasketi ya zamani ikiwa juu ya karatasi yenye mistari. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba hatukuitupa.

Mkanda tuliulaza juu ya ule wa zamani, tukahesabu meno ya yote miwili na kupima upana. Sawa.

Siku haikupotea. Mzee alisaga valvu mpya na viti vyake kwa dawa ya kusagia, kijiti chenye kinyonyeo katikati ya viganja, mbele na nyuma, anainua, anageuza, anarudia, mpaka kila kiti kikaonyesha pete moja ya kijivu isiyokatika. Akafunga springi, akageuza hedi chini juu, akamimina petroli kwenye vyumba vyote vinne. Tukasubiri. Kijana alichungulia kwenye matundu ya upande kwa tochi. Kavu.

Jumanne

Gasketi sahihi imefika jioni. Hakuna la kuandika.

Jumatano

Kufunga kulianza alfajiri na mzee hakutaka mazungumzo. Nyuso mbili zilifutwa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Alinyonya oili na maji yaliyosalia ndani ya matundu ya boliti, kwa sababu boliti ikikandamiza kimiminika ndani ya tundu lililoziba inaweza kupasua bloki. Boliti zikakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, kwanza kwa spana ya kupimia nguvu, kisha robo mzunguko kila moja, kisha robo nyingine. Kijana alikuwa anatia alama ya chokaa kwenye kila kichwa cha boliti ili asirudie wala kuruka.

Pampu mpya, tenshena mpya, puli mpya. Alama za kamshafti mbili na ya krenki zikapangwa, mkanda ukaingia, ukakazwa. Halafu ile hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka: aliweka spana kwenye krenki na kuizungusha kwa mkono, polepole, mara mbili kamili. Injini ya mipigo minne inamaliza kazi yake yote kwa mizunguko miwili ya krenki, wakati kamshafti imezunguka mara moja. Kama kuna valvu itakayogonga, itagonga hapo, kwenye mkono unaoweza kusimama, na si kwenye stata isiyojua kusimama. Spana ilipita bila kukwama. Alama zikakutana tena.

Alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akapiga stata ili oili ipande kwanza. Mdundo ulikuwepo. Kijana akanitazama, akanyoosha dole gumba. Fyuzi ikarudi, ufunguo ukageuzwa, ikashika. Kwa sekunde chache valvu ziligonga tiki-tiki mpaka oili ilipozifikia, kisha zikanyamaza.

Kilichofuata ni saa nzima ya kutoa hewa kwenye mfumo wa maji, hita ikiwa kwenye joto la juu kabisa. Mzee alishika bomba la juu la rejeta kwa mkono. Lilikaa vuguvugu muda mrefu, halafu karibu na nyuzi 90 za mshale thamostati, kile kizibo kinachofunguliwa na joto la maji, ikafunguka na bomba likapata joto mara moja, na feni ikaitika baadaye. Mashine ikachomekwa tena. P0340 ikafutwa, tukazunguka mji, haikurudi. Sensa ni ileile ya zamani.

Nilimtania kijana kuhusu ile sensa ambayo hakuibadilisha. Akasema, "Bosi, siku ile ningekuuzia."

Alhamisi

Nimeondoka mapema. Masharti ya mzee: mwendo wa wastani, nisikanyage mafuta kwa nguvu kwenye milima, nisimame baada ya kilomita 30 na nitazame chini ya gari, na nisiguse kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe, kwa sababu shinikizo ndilo linalozuia maji ya zaidi ya nyuzi 100 yasichemke, na ukifungua yanakurukia. Oili nibadilishe baada ya kilomita 1000, kwa ajili ya mabaki ya kazi.

Kilomita 30, pakavu. Kwenye kituo cha mafuta nilisubiri ipoe, maji yalikuwa yamepungua kidogo, nikaongeza kwenye chombo chake mpaka mstari. Mara ya pili hayakupungua.

Valvu zilizopinda, pampu na mkanda vimo kwenye buti, ndani ya sanduku la gasketi. Chini ya boneti mzee amebandika kibandiko, kaandika kwa kalamu ya wino mzito kila kilichobadilishwa kwa jina lake, pamoja na kilomita.

Nimewapigia gereji ya nyumbani nikiwa kituoni. Aliyepokea alikuwa mstaarabu, akafungua kumbukumbu zake, akasema: "Kaka, pampu haikuwa kwenye kazi uliyoagiza." Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeizungusha kwa kidole kabla ya kufunga mkanda mpya. Akasema ataniulizia. Jumatatu nitapita na sanduku.